Umetuhumiwa kudesa na hukudesa: nilivyojibu mimi, na niliyoharibu siku mbili za mwanzo

#1 Daftari la Kale (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Humu mimi ni msomaji tu, sichangii. Ila juzi usiku mdogo wangu aliye chuoni kanipigia simu, sauti haitoki. Kaitwa kwa tuhuma ya kudesa asaimenti (kunakili kazi ya mwenzake) na anaapa hajadesa. Nikamsimulia yaliyonikuta mimi mwaka wa pili, tukamaliza saa 8 usiku. Asubuhi nikaona bora niyaandike, maana anayepatwa na hili huwa hana wa kumuuliza: akiwauliza wenzake ataonekana mwizi, akiwaambia nyumbani presha za watu zitapanda.

Kisa chenyewe. Insha ya maneno 3,000, inabeba asilimia 40 ya kozi, mwisho wa kutuma saa 6 usiku. Nikatuma saa 5:40, kama kawaida yangu. Siku ya tisa inaingia baruapepe ya mistari minne: kazi yako imefanana kwa asilimia 71 na kazi nyingine iliyowasilishwa chuoni hapa, fika ofisini kesho saa 4. Hiyo nyingine ilitumwa saa 3 usiku uleule.

Turnitin na wenzake hawa watu wengi hawawaelewi, na baadhi ya wahadhiri wamo (mlioko humu msininunie). Programu inachukua maandishi yako, inayapitisha kwenye hazina yake ya tovuti, majarida na kazi za wanafunzi zilizokwisha tumwa, kisha inatoa asilimia ya kufanana. Basi. Wenye programu wenyewe wanasema alama ile si hukumu ya wizi, ni mtu anayepaswa kuisoma ripoti na kuamua. Inajua nani katuma kwanza. Nani kaandika kwanza haijui, haina pa kujulia. Mimi wa saa 5:40 nikawa mwizi wa mtu wa saa 3.

Sasa niliyoharibu. Nilikwenda ofisini mikono mitupu, sijaiona hata ripoti, nikaanza kulia na kuapa. "Mimi si mtu wa hivyo, ulizia kwa yeyote." Mhadhiri alinisikiliza kwa upole kabisa huku anaandika. Wiki kadhaa baadaye nilipopewa nakala ya faili la kesi nikaona alichoandika: "Mwanafunzi ana wasiwasi mwingi. Hakutoa maelezo yoyote kuhusu kufanana kwa kazi." Na alikuwa sahihi! Dakika 20 za kiapo na sikueleza kitu.

Niliporudi chumbani nikafungua faili la insha nikaanza kupangapanga, kufuta maoni yangu ya pembeni, kulisafisha ili "lionekane vizuri". Faili ambalo lilikuwa shahidi wangu naligusagusa mwenyewe, tarehe ya mwisho ya kuhaririwa inakuwa siku ya tuhuma. Usiku nikabahatisha ni mwenzangu yupi, nikamtumia meseji saba. Zote saba nilizikuta kwenye faili la kesi.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa mwaka wa mwisho aliyewahi kusimama mbele ya kamati kwa jambo jingine. Akaniambia: acha kuapa, kiapo hakina tarehe. Andika. Tukaandika pamoja baruapepe fupi, nayo bado ninayo:

"Nimepokea taarifa yako kuhusu insha yangu. Nakanusha tuhuma hii. Ili niijibu ipasavyo naomba ripoti nzima ya ufananisho, kifungu cha kanuni ninachodaiwa kukivunja, na utaratibu utakaofuatwa pamoja na tarehe zake. Naomba pia kufahamishwa kama naruhusiwa kuja na mtu kikaoni. Nitatoa maelezo yangu kwa maandishi nikishavipata."

Hakuna neno la hasira humo. Nilitaka kuongeza kwamba nimeumizwa sana, dada akafuta.

Ripoti ilipokuja ndipo nikaelewa. Vilivyofanana ni utangulizi, sehemu ya pili yote na nukuu zote. Hitimisho lilikuwa tofauti. Nikakumbuka: siku tatu kabla ya kutuma chaja yangu iliungua, nikaazima laptopu ya mwenzangu nikapakue rasimu nikaichape. Nilichapa, nikaondoka. Faili likabaki kwenye laptopu ya watu. Wakati huo hitimisho nilikuwa sijaandika.

Nikaanza kukusanya. Google Docs huhifadhi historia ya matoleo, unaona insha ikikua siku hadi siku. Yangu ilikuwa na siku 11, kuna siku imeongezeka aya mbili, kuna siku imepungua. Maktaba wakanipa orodha ya vitabu nilivyoazima na tarehe. Lakini kilichomaliza kesi ni daftari. Mimi huandika noti kwa kalamu, na ukurasa wa nukuu moja niliuandika 174 badala ya 147, nimegeuza tarakimu. Kosa hilo likaingia kwenye rasimu, likaingia kwenye insha yangu, na likaingia kwenye insha ya mwenzangu. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza kwa uzi, aliweka daftari na kitabu mezani, akafungua ukurasa wa 174 akakuta pana mchoro mtupu. Akafungua 147, nukuu ipo. Akanitazama, akasema tu, "Uwe unahakiki kurasa."

Sikuwepo mwenzangu alipohojiwa na sijui alipewa adhabu gani. Mimi nilipata barua ya aya moja baada ya wiki sita: tuhuma imefutwa. Pole haikuwemo.

Mwenye lake aongeze.

#2 Jibu Mkato

Stori nzuri. Lakini kila anayekamatwa anaibia husema kasingiziwa. Sijawahi kuona aliyekuja humu akasema "wakuu, nimedesa kweli".

#3 Daftari la Kale

Mkuu, sikatai. Ndiyo maana nasema kulia hakusaidii: aliyeiba na asiyeiba wote hulia vilevile. Daftari lenye kosa la 174 mwizi hana.

#4 Msaka Sapu

Dada/kaka mleta uzi, wewe ulikuwa na mtu wa pili, mimi sina. Mimi nimeambiwa insha yangu imeandikwa na akili mnemba. Hakuna kazi nyingine ya kulinganisha, kuna asilimia 83 tu kutoka kwenye kifaa cha kugundua maandishi ya mashine. Kiingereza si lugha yangu na ndicho tunachoandikia. Kikao ni Alhamisi. Najibuje namba?

#5 Kamati Zamani

Msaka Sapu, nimekaa kwenye kamati ya nidhamu ya kitaaluma miaka saba, sasa nimepumzika. Nitaandika kirefu, univumilie.

Unachokifanyia kazi kwanza ni insha yako, kifaa kinakuja nyuma. Nimeona vijana wanakuja na makala kumi kuhusu ubovu wa vifaa, halafu nikiuliza "aya ya nne ulimaanisha nini?" kimya. Kamati itakujibu: sawa, kifaa kinakosea, lakini kwako je? Kwa hiyo leta rasimu, historia ya matoleo, noti, picha ulizopiga vitabu, utafutaji wako kwenye kivinjari, meseji ulizomtumia rafiki "nimekwama sehemu ya tatu". Meseji hizo huwa na nguvu kuliko mnavyodhani, kwa sababu hukuziandika kwa ajili yetu. Halafu omba mwenyewe kuhojiwa ana kwa ana juu ya kazi. Aliyeandikiwa haombi.

Ukishaweka hayo mezani ndipo useme habari ya kifaa, dakika tatu zinatosha. OpenAI, hao hao wenye ChatGPT, walitoa kifaa chao cha kugundua maandishi ya mashine Januari 2023. Kwa majaribio yao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kikayaita ya mashine. Julai mwaka uleule wakakifunga. Turnitin walipoleta chao Aprili 2023 walidai makosa ya namna hiyo hayafiki asilimia 1. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kikapiga hesabu: mwaka 2022 kilipitisha kazi 75,000, asilimia 1 ni kazi 750 hivi za kusingiziwa. Agosti 2023 wakakizima.

Na hili ni lako hasa. Watafiti wa Stanford walichapisha mwaka 2023 jaribio la vifaa saba kwa insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo), zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha zile ziliitwa za mashine. Sababu yake si uchawi. Vifaa vingi hupima neno linalofuata linatabirika kiasi gani. Mwenye msamiati mchache, anayeandika sentensi fupi zilizonyooka kama alivyofundishwa darasani, anatabirika. Mashine nayo inatabirika. Kifaa hakiwezi kuwatenganisha.

Usipitishe insha yako kwenye vifaa kumi ukaleta kile kilichokupendelea, tunajua mchezo huo. Na kama mhadhiri aliibandika kwenye ChatGPT akaiuliza "wewe ndiye uliyeandika?", hilo litaje. Kuna mwalimu Texas mwaka 2023 alifanya hivyo kwa darasa zima akazuia alama zao. ChatGPT haina kumbukumbu ya ilichowaandikia watu wengine, hujibu tu kinachoelekea kukubalika.

Jambo la mwisho. Vyuo vingi havihitaji kuthibitisha bila shaka yoyote kama mahakama ya jinai, vinapima lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wao. Usikubali kikao kigeuke kuwa wewe ndiye wa kuthibitisha.

#6 Msaka Sapu

Nashukuru sana mzee wangu. Kuna kitu sijasema. Nilitumia Grammarly kusahihisha sarufi. Mashtaka hayajaitaja. Ninyamaze?

#7 Kamati Zamani

Soma kanuni za kozi yako leo hii, kabla hujalala. Vyuo vingine vinaruhusu visahihisha sarufi, vingine vinaruhusu ukitaja, vingine vinakataza sehemu zile zinazoandika upya sentensi nzima. Kisha useme mwenyewe, kwenye maelezo yako ya maandishi: nilitumia hiki, tarehe hii, kwa hili, na hili sikutumia. Likitoka kinywani mwako ni maelezo. Wakiligundua wao ni kukiri, na kila ulichosema kabla kinapata doa.

#8 Nilikiri Mimi

Naomba na mimi niseme, kwa sababu uzi huu ningeupata miaka minne iliyopita nisingekuwa hapa.

Mtihani wa kuchagua majibu. Mimi na jirani yangu wa dawati tulifanana maswali mengi. Nikaitwa na mtu mmoja tu, nje ya kamati, akaniambia kwa sauti ya mzazi: "Kijana, kiri, tunakupa onyo, yanaisha leo. Ukibisha inakwenda mbele na huko ni kusimamishwa." Nilikuwa na mtihani mwingine kesho yake. Nikasaini. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, jina langu tayari lipo, mimi niliweka saini na tarehe tu.

Onyo kweli lilikuwa onyo. Kisha nikaomba shahada ya pili. Fomu ina swali: umewahi kupatikana na hatia ya udanganyifu wa kitaaluma? Jibu ndiyo au hapana. Nikaweka ndiyo, nikaeleza kwamba sikufanya. Wakaniuliza, sasa kwa nini ulisaini? Fomu ya pili vilevile. Na ya leseni ya kazi.

Hakuna siku nimeacha kuikumbuka kalamu ile. Ilikuwa ya bluu, imefungwa kamba mezani kama ya benki.

#9 Daftari la Kale

Pole sana ndugu yangu. Sikujua la kusema nikakaa kwanza.

#10 Kamati Zamani

Pole sana, mwanangu. Kwa watakaokuja: kufanana kwa majibu sahihi hakusemi kitu, wawili waliosoma wote watapata sahihi. Tunaoangalia kwa makini huangalia makosa. Wamekosea maswali yaleyale na wote wakachagua jibu lilelile baya? Mangapi? Walikaa wapi, na karatasi zilikuwa za toleo moja? Uliza hayo kwa maandishi. Na usisaini kitu siku ya kwanza. Sema "naomba nakala nikaisome". Anayekunyima nakala ya unachosaini amekwishakujibu.

#11 Mlinzi wa Seva

Mimi ni wa mitambo, naongezea la mitihani ya mtandaoni. Ukiletewa kumbukumbu za mfumo zinazosema ulifungua noti katikati ya mtihani, uliza ni wewe uliyefungua au ni kifaa. Mwaka 2021 chuo cha udaktari cha Dartmouth, Marekani, kiliwashtaki wanafunzi 17 kwa kumbukumbu za Canvas, mfumo wa masomo ya mtandaoni. Ikaonekana Canvas inaweza kuzalisha shughuli yenyewe, ukurasa ulioachwa wazi kwenye simu au tableti unajisasisha mwenye nayo hana habari. Mashtaka yakafutwa. Angalia nafasi kati ya mbofyo na mbofyo, na kama ukurasa unaodaiwa ulikuwa na uhusiano wowote na swali. Mtu anayeibia hafungui noti za mada nyingine.

#12 Jibu Mkato

Na mwanasheria je? Si bora kwenda naye tu, wakuone uko siriasi?

#13 Kamati Zamani

Inategemea uzito. Kwa alama ya kozi moja, vyuo vingi havimruhusu kuzungumza, na mtu wa serikali ya wanafunzi anayezijua kanuni atakufaa zaidi. Kwa kufukuzwa au kunyang'anywa shahada, mtafute mapema, walau akusomee barua zako kabla hujazituma. Haki ya kujulishwa shtaka na kusikilizwa si hisani ya chuo. Huko Marekani mahakama ya rufaa iliamua hivyo mwaka 1961, kesi ya Dixon, wanafunzi wa chuo cha serikali Alabama waliofukuzwa bila kusikilizwa baada ya maandamano. Uingereza na Wales kuna ofisi huru ya kusikiliza malalamiko ya wanafunzi, OIA, unaiendea ukishamaliza ngazi za chuo, ndani ya miezi 12. Kila mahali pana ngazi yake. Muhimu ni siku za rufaa, nyingine ni chache mno, hesabu tangu tarehe ya barua.

#14 Msaka Sapu

Wakuu, haya ndiyo maelezo niliyoandika, aya ya kwanza: "Kwa masikitiko makubwa na moyo uliovunjika napenda kuifahamisha kamati yako tukufu kwamba mhadhiri huyu tangu mwanzo wa muhula amekuwa akinionea..."

#15 Daftari la Kale

Futa yote.

Anza hivi: "Insha hii niliiandika mwenyewe kati ya tarehe fulani na fulani. Kiambatisho A ni historia ya matoleo." Mhadhiri kama anakuonea ni malalamiko mengine, yana dirisha lake, na hata kama ni kweli, leo yatakufanya uonekane umekosa hoja. Moyo uliovunjika tumeuelewa, usiuweke kwenye viambatisho.

#16 Msaka Sapu

Nimetoka kikaoni. Walikuwa watatu. Nimekwenda na rasimu nne, noti, na meseji nilizomtumia binamu yangu saa 7 usiku nalalamika kuhusu sehemu ya pili. Grammarly niliitaja mwenyewe ukurasa wa kwanza, mmoja akatikisa kichwa akaandika kitu. Wakaniuliza aya ya tatu nilimaanisha nini. Nikaeleza, nikajikuta nabishana na insha yangu mwenyewe, nikasema hapa nadhani nilikosea. Yule wa kati akacheka. Namba 83 niliizungumzia mwishoni, dakika mbili hivi. Jibu baada ya siku 14.

#17 Nilikiri Mimi

Walikupa kitu cha kusaini?

#18 Msaka Sapu

Muhtasari wa kikao. Nikaomba nakala nikasome nyumbani. Wakanipa bila neno.

#19 Msaka Sapu

Wakuu nimerudi. Barua imekuja: tuhuma haikuthibitika. Asilimia 83 haimo popote kwenye barua. Insha ikapelekwa kwa msahihishaji mwingine na amenipa 54. Mimi nilitegemea 70 na kitu. Hii nayo naweza kukata rufaa?

#20 Daftari la Kale

54 ni yako mwenyewe, mdogo wangu. Nenda kalale.